Chaneli ya Michezo ya Vyuo: Hela Yake Hutoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu chaneli za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Biashara hii ilizaliwa huko, na huko ndiko imetajirisha wengine na kuangusha wengine. Kila jibu linasomeka peke yake. Palipo na habari zaidi, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Chaneli ya michezo ya vyuo ni kitu gani hasa?

Ni kituo cha televisheni kinachoonyesha michezo ya vyuo saa 24, mwaka mzima. Zenye nguvu zaidi ni za konferensi. Konferensi ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kucheza ligi pamoja, kugawana mapato na kuuza haki za matangazo kwa sauti moja. Big Ten ni konferensi, SEC na ACC pia. Kwa hiyo Big Ten Network, SEC Network na ACC Network ni chaneli za makundi ya vyuo, wala si za chuo kimoja kimoja.

Mechi kubwa kabisa za futiboli ya Kimarekani kwa kawaida haziendi huko. Huuzwa kwanza kwa vituo vikubwa kama Fox, CBS, NBC na ESPN. Chaneli ya konferensi hupata zinazofuata, pamoja na mpira wa kikapu, voliboli, besiboli, mieleka, mazoezi ya viungo na riadha. Msingi mzima wa biashara ni huo: mechi ambazo zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa zikakusanywa mahali pamoja, zikapata thamani.

2. Mbona chaneli hizi hazikuwepo zamani?

Kwa sababu chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilibana matangazo ya futiboli tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hofu yake ilikuwa kwamba watu wangebaki sebuleni na viwanja vingekuwa vitupu. Kwa zaidi ya miaka 30 NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi ngapi zionyeshwe na chuo kimoja kionekane mara ngapi.

Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani. Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba utaratibu ule ulivunja sheria ya ushindani wa biashara. Kuanzia hapo haki za futiboli zikarudi kwa vyuo, navyo vikazikabidhi kwa konferensi zao. Bila hukumu hiyo kusingekuwa na kitu cha kuuza.

3. Kwa hiyo NCAA haina haki yoyote ya televisheni?

Inazo za mashindano yake yenyewe. Mtoano wa mpira wa kikapu wa wanaume wa kila Machi ni mali ya NCAA, na ndio mgodi wake mkuu. Msimu wa kawaida wa kikapu na futiboli yote ya daraja la juu viko nje ya mkono wake.

## Mapato

4. Hela hutoka wapi hasa? Si kwa watazamaji?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa nyumba zinazolipia kebo au setilaiti, ziwe zinatazama chaneli au hazitazami. Kampuni ya kebo huilipa chaneli ada ya kila mwezi kwa kila nyumba iliyojiunga, kisha huirudisha gharama hiyo kwa mteja ndani ya bei ya kifurushi. Bibi ambaye hajawahi kutazama mchezo wowote anachangia senti zake kila mwezi, na huenda hajui.

Chukua hesabu ya mfano. Chaneli ipo katika nyumba milioni 15 ndani ya majimbo yake kwa dola 1 kwa mwezi. Hiyo ni dola milioni 180 kwa mwaka. Nje ya majimbo yake ipo katika nyumba milioni 40 kwa senti 10. Hiyo ni milioni 48 nyingine. Jumla dola milioni 228 kabla hata ya tangazo moja la biashara.

Sasa tuseme mashabiki wa kweli ni milioni 1.5, na hao peke yao ndio walipe. Kupata kiasi kilekile, kila mmoja angetakiwa kutoa karibu dola 13 kwa mwezi, miezi yote 12, bila kukatisha futiboli inapoisha Januari. Wachache wangevumilia. Ukiielewa tofauti ya hesabu hizi mbili, utaelewa karibu kila uamuzi wa ajabu unaofanywa katika biashara hii, ukiwemo ule wa kuingiza chuo cha New Jersey katika konferensi ya majimbo ya katikati (swali la 14).

5. Na matangazo ya biashara?

Yapo na yanasaidia, lakini ni mchuzi tu, wali ni ada. Mechi ya softiboli Jumatano mchana haina watazamaji wa kumvutia mtengeneza magari.

6. Kwa nini nyumba ya Ohio ilipishwe zaidi ya nyumba ya Nevada?

Kwa sababu kampuni ya kebo ya Ohio haithubutu kuikosa chaneli inayoonyesha Ohio State. Wateja wangehama. Nevada hakuna atakayehama kwa ajili ya Ohio State. Ndiyo maana kila chaneli huwa na bei mbili: ya nyumbani na ya ugenini. Kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari vya wakati ule, Big Ten Network ilipoanza iliomba takriban dola 1.10 kwa nyumba moja kwa mwezi katika majimbo yake, na kiasi kidogo sana kwingineko. SEC Network ilipoanza ilitajwa kuwa dola 1.40 hivi nyumbani na senti 25 ugenini.

7. Kuna ugomvi gani kati ya kifurushi cha msingi na kifurushi cha michezo?

Huu ndio ugomvi unaoamua uhai wa chaneli. Kifurushi cha msingi kinaingia kwa karibu kila mteja, ilhali kifurushi cha michezo kinanunuliwa na anayetaka tu. Ukiwekwa kwenye cha pili, ile hesabu ya bibi ya swali la 4 inakufa.

Big Ten Network ilianza Agosti 30, 2007 ikiwa kwenye DirecTV, kampuni ya setilaiti, lakini si kwenye Comcast, kampuni kubwa kuliko zote za kebo. Comcast ilitaka kuiweka kwenye kifurushi cha michezo, chaneli ikakataa. Siku mbili baada ya kuanza, Septemba 1, ilirusha mechi ya Michigan na Appalachian State, timu ya daraja la chini iliyotarajiwa kupokea kipigo na kurudi nyumbani. Appalachian State ikashinda 34–32, ikizuia teke la mwisho la Michigan. Yalikuwa matokeo ya kushtua kuliko mengi katika historia ya mchezo huo, na nyumba nyingi za Michigan kwenyewe hazikuweza kuyaona. Nakiri kwamba sijaona tangazo bora kuliko hilo la kumwambia mteja apige simu kulalamika kwa kampuni yake ya kebo. Hata hivyo makubaliano na Comcast hayakupatikana hadi Juni 2008. Fikiria: miezi kumi inakaribia kutimia tangu kuanza, studio inawaka taa, wafanyakazi wanalipwa, na mlango mkubwa umefungwa.

Anayepanga kuanzisha chaneli na hana akiba ya kuvuka mwaka wa namna hiyo, asianze.

## Gharama

8. Kuanzisha kunagharimu vitu gani?

Makundi ni haya: studio na jengo lake; mtambo wa kurushia na nafasi ya setilaiti; magari ya matangazo na kamera za uwanjani; watangazaji, wachambuzi na mafundi; mauzo na wanasheria wa kujadiliana na kampuni za kebo. Halafu kuna gharama isiyoonekana, nayo ni hasara ya miezi ya mwanzo kabla ada hazijaanza kumiminika.

Kinachokula hela kuliko yote ni wingi wa matukio. Pac-12 Networks, chaneli za konferensi ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ilikuwa ikirusha takriban matukio 850 kwa mwaka. Gari la matangazo likisafiri, mafundi wanalala hoteli, wanakula, wanalipwa masaa ya ziada. Ndiyo maana siku hizi vyuo vimejenga vyumba vya kurushia matangazo ndani ya kampasi, na picha husafirishwa kwa nyaya hadi makao makuu. Vyuo vya SEC na ACC vilitumia mamilioni ya dola kwa vyumba hivyo kabla chaneli hazijaanza. Hela hiyo haionekani kwenye vitabu vya chaneli, ila chuo kimeitoa. Ukisoma kwamba chuo kimepata gawio la milioni kadhaa, uliza kwanza kilijenga chumba kwa kiasi gani.

Wanafunzi nao hushika kamera na kukaa kwenye meza ya picha. Wengi wamepata ajira ya kudumu kutokana na hilo, na kwa chaneli ni nguvu kazi ya bei nafuu.

9. Kwa nini kuonyesha michezo ambayo haina watazamaji?

Kwa sababu saa 24 ni nyingi na futiboli ni siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Lakini pia ni ahadi. Big Ten Network ilipoanza iliahidi kufikia idadi sawa ya matukio ya wanawake na ya wanaume ndani ya miaka mitatu. Mieleka ya Iowa na voliboli ya Nebraska zilipata nyumba ya kudumu ambayo hazijawahi kuwa nayo, na voliboli ya wanawake leo inajaza viwanja. Hili ni zao jema la chaneli hizi, na lisipimwe kwa ada peke yake.

## Nani amiliki?

10. Ni bora konferensi imiliki chaneli yenyewe au iingie ubia?

Njia tatu zimejaribiwa. Big Ten ilichagua ubia: mwanzoni konferensi ilikuwa na asilimia 51 na Fox 49, baadaye Fox ikapanda hadi 61. SEC iliiachia ESPN umiliki wa chaneli na yenyewe ikabaki kupokea mgawo. Mkataba ulitangazwa Mei 2013 na chaneli ikaanza Agosti 14, 2014. ACC ilifuata njia hiyohiyo na kuanza Agosti 22, 2019. Pac-12 ilimiliki asilimia 100.

Kwa masikio ya mtu yeyote anayependa kujitegemea, njia ya Pac-12 inapendeza. Rohoni mwangu nami naipenda. Lakini mezani, mbele ya kampuni ya kebo, mwenye chaneli moja hana fimbo. ESPN ikienda kujadiliana inabeba ESPN yenyewe, ABC na chaneli za Disney. Kampuni ya kebo ikikataa SEC Network inahatarisha kukosa vyote. Matokeo yake SEC Network ilianza ikiwa tayari imekubaliwa na Comcast, DirecTV, Dish na wengine, na ikaingia katika nyumba zaidi ya milioni 60. Asilimia 100 ya kidogo ilikuwa ndogo kuliko sehemu ya kikubwa.

Hata fimbo hiyo ina mipaka. ACC Network ilikuwa ya ESPN, na bado Comcast haikuichukua hadi mwishoni mwa 2021.

11. Pac-12 Networks ilikosea wapi?

Ilianza Agosti 15, 2012, chini ya kamishna Larry Scott, ikiwa na chaneli saba kwa mpigo: moja ya taifa na sita za maeneo. Kampuni nne za kebo zilikuwa zimekubali mapema. DirecTV haikukubali wakati huo, wala haikukubali kamwe katika miaka yote 12 ya uhai wake. Nyumba zilizoipata zilikuwa chini ya milioni 20. Makao yalikuwa San Francisco, mji wenye pango la kutisha, na kuendesha chaneli saba si sawa na kuendesha moja.

Kila chuo kikaishia kupata dola milioni 2 hadi 3 kwa mwaka kutoka kwenye chaneli, huku vyuo vya SEC na Big Ten vikipata mara kadhaa ya hizo. Pengo likakua mwaka hadi mwaka. Juni 30, 2022 vyuo vya USC na UCLA vikatangaza kuhamia Big Ten. Mwaka uliofuata wengine wakafuata, hadi vyuo 10 kati ya 12 vikawa vimeondoka, na chaneli ikazimwa mwisho wa Juni 2024. Haitakuwa haki kuilaumu chaneli peke yake kwa kuvunjika kwa konferensi iliyodumu zaidi ya karne moja. Mkataba mkuu wa mechi kubwa nao ulishindikana. Lakini mashabiki wa pwani ya magharibi waliokuwa hawaioni timu yao kwa sababu ya king'amuzi walichonacho hawajasahau.

12. Chaneli ya kwanza ya konferensi ilikuwa ipi?

Ya Mountain West, iliyofahamika kama "the mtn.", iliyoanza Septemba 2006. Ilibebwa na wachache mno. Vyuo vya BYU na Utah viliondoka kwenye konferensi 2011, TCU 2012, na chaneli ikafungwa Mei 31, 2012. Kuwa wa kwanza hakukuisaidia. Vyuo vyake vingi vilikuwa katika majimbo yenye watu wachache (rejea swali la 6).

## Hali za pekee

13. Chuo kimoja kinaweza kuwa na chaneli yake?

Kinaweza kikiwa University of Texas. ESPN iliipa mkataba wa miaka 20 wenye thamani ya dola milioni 300, na Longhorn Network ikaanza Agosti 2011. Chuo kilihakikishiwa malipo, hasara ikabebwa na ESPN, na hasara ilikuwepo: kampuni kubwa za kebo zilichelewa sana kuikubali, kwa kuwa chuo kimoja kina mechi moja au mbili tu za futiboli za kuonyesha kwa msimu.

Gharama kubwa zaidi haikuwa ya fedha. Majirani walichukia. Kulikuwa na mpango wa kuonyesha mechi za shule za sekondari, na wapinzani wakaona Texas imepewa chombo cha kuwavuta vijana wenye vipaji, mpango ukazuiwa. Texas A&M, chuo jirani, ikahamia SEC mwaka 2012. Miaka 12 baadaye Texas yenyewe ikaifuata, na Longhorn Network ikafungwa.

14. Kwa nini Rutgers iko Big Ten, na Stanford iko ACC?

Kwa Rutgers, jibu ni swali la 4 na la 6 yakiunganishwa. Chuo hiki cha New Jersey, kilichopo jirani na New York, kinageuza mamilioni ya nyumba kutoka bei ya ugenini kuwa bei ya nyumbani. Big Ten iliziita Maryland na Rutgers mwaka 2012, zikaingia Julai 2014, moja kwa ajili ya Washington na Baltimore, nyingine kwa ajili ya New York. Maryland ililazimika kumaliza kesi na ACC kwa zaidi ya dola milioni 31, na bado ikaona inalipa.

ACC ilipovipokea vyuo vya Stanford, University of California na SMU ya Texas mwaka 2024, kuongezeka kwa majimbo ya California na Texas kwenye ramani ya ACC Network kulikuwa miongoni mwa sababu. SMU ilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa fedha za televisheni za konferensi ili tu iingie.

Wanaoumia ni wachezaji wa voliboli na softiboli wanaoruka kutoka pwani moja hadi nyingine katikati ya wiki ya mitihani. Hili linaniuma, na sioni likipewa uzito linaostahili kwenye mahesabu.

15. Chuo kikihama, kinaondoka na mechi zake?

Si lazima. Konferensi nyingi huvitaka vyuo kusaini hati ya kukabidhi haki za mechi za nyumbani kwa miaka mingi. Ukihama, mechi zako zinabaki kwa konferensi ya zamani, na hakuna anayekutaka ukija mikono mitupu. Hati ya ACC inafika 2036. Florida State na Clemson zilikwenda mahakamani kuipinga, na Machi 2025 pande zote zikaafikiana: sehemu ya mapato sasa inagawiwa kwa kuangalia idadi ya watazamaji, na gharama ya kuondoka inapungua mwaka hadi mwaka.

16. Watu wanaachana na kebo. Bado inafaa kuanzisha?

Kwa mtindo wa 2007, hapana. Ule wingi wa nyumba zinazolipa bila kutazama umekuwa ukipungua mwaka hadi mwaka tangu katikati ya miaka ya 2010, na kila nyumba inayokata kebo inaondoka na senti zake. Konferensi ya Big 12 haikuwahi kuanzisha chaneli ya kebo; mwaka 2019 ilipeleka mechi zake za akiba kwenye huduma ya mtandaoni ya ESPN+. Agosti 2025 ESPN ilianza kuuza chaneli zake, zikiwemo SEC Network na ACC Network, moja kwa moja kwa mteja kwa dola 29.99 kwa mwezi, na Fox ikaanza huduma yake yenye Big Ten Network ndani kwa 19.99. Bei hizo zinakuonyesha shabiki anatozwa nini pale bibi wa swali la 4 anapokuwa ameondoka.

17. Wachezaji wanapata nini? Na wanafunzi wanaotoka kwetu?

Kwa miaka mingi walipata ufadhili wa masomo na si zaidi. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kuwagawia wachezaji hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Nyingi zinakwenda kwa futiboli na kikapu cha wanaume.

Vijana wetu wamekuwa sehemu ya michezo hii siku zote. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aling'ara na Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Edward Cheserek wa Kenya alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, chuo cha Pac-12. Doris Lemngole wa Alabama, Mkenya pia, mwaka 2025 alikuwa mwanafunzi wa kwanza kukimbia mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 chini ya dakika 9. Lakini riadha haipewi sehemu kubwa ya mgawo, na visa ya mwanafunzi hubana sana kazi ya kulipwa. Kijana anayeahidiwa malipo aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo husika, asimwulize wakala.

18. Mwekezaji binafsi anaweza kuanzisha bila konferensi?

Iliwezekana. CSTV, chaneli ya michezo ya vyuo ya Brian Bedol na wenzake, ilianza kurusha matangazo 2003 kabla konferensi hazijajua thamani ya mechi zao za akiba. CBS ikaafiki kuinunua mwishoni mwa 2005 kwa dola milioni 325, na leo inaitwa CBS Sports Network. Leo mechi hizo zimekwisha kufungwa na mikataba mirefu, kwa hiyo mwekezaji mpya angeanza na daraja la chini.

19. Chaneli ikifungwa, vifaa na mafundi huenda wapi?

Kwa Pac-12, kitengo cha uzalishaji hakikufa. Kilikuwa kimehamia San Ramon, nje ya San Francisco, kwenye pango nafuu zaidi, na baada ya chaneli kuzimwa kikaendelea chini ya jina la Pac-12 Enterprises, kikitengeneza matangazo ya mechi kwa vyuo vilivyobaki na kwa wateja wengine wanaolipia kazi hiyo.